Doa jeusi katikati ya jicho la mama: sindano, gesi au safari ya India?

BARUA

Shikamoo daktari,

Naandika kwa niaba ya mama yangu. Ana miaka 67, tunaishi Tandika. Jumamosi iliyopita aliamka kwa swala ya alfajiri akasema taa ya sebuleni ina doa jeusi. Tukadhani balbu inataka kuungua. Alipofunika jicho la kushoto akasema uso wangu hauoni kabisa, anaona masikio na kilemba tu. Jicho haliumi wala si jekundu.

Duka la dawa walitupa matone, tukayatumia hadi Jumanne. Siku ya tano tukaenda hospitali, wakampanua mboni na kumpiga picha ya OCT, ile ya matabaka ya nyuma ya jicho. Karatasi inasema: jicho la kulia, damu chini ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), upana diski 5, unene mikroni 480, anahesabu vidole kwa umbali wa mita moja. Jicho la kushoto 6/12, lina vidoadoa vya manjano. Daktari wa kwanza anataka sindano za Avastin tu, moja kila mwezi. Wa pili, ambaye tulimwendea kupata maoni mengine, anasema atiwe dawa ya kuyeyusha damu pamoja na gesi, kisha alale kifudifudi siku kadhaa. Mjomba anasema damu hukauka yenyewe, tusimchome mzee wa watu sindano ya jicho. Kaka aliyeko Mwanza ameanza kuchangisha fedha tumpeleke India.

Mama ana presha, anatumia amlodipini na aspirini ndogo ya miligramu 75. Aspirini ameiacha mwenyewe tangu Jumatatu. Mwisho wa mwezi kuna harusi ya mjukuu wake Mbeya na ameapa hakosi. Je, ataona tena? Tumfuate nani? Leo ni siku ya nane.

Binti wa Tandika

JIBU

Marahaba, binti. Jibu hili ulitumiwa Jumamosi ileile uliyoandika, kabla ya kuchapwa hapa, kwa sababu ugonjwa huu haungoji zamu ya gazeti. Tunalichapa zima kwa ajili ya wengine watakaoamka na doa kama hilo.

Tuanze na lililo la haraka. Madaktari wako wawili hawapingani kama mnavyodhani. Sindano ya Avastin, dawa ya kuzuia mishipa isivuje, imo kwenye mpango wa daktari wa kwanza, na imo kwenye mpango wa wa pili pia. Wanachobishania ni nyongeza, yaani dawa ya kuyeyusha damu na gesi ya kuisukuma pembeni. Kwa hiyo sindano isisubiri ubishi uishe. Jumatatu, ambayo ni siku ya 10, mama awe kliniki ya macho asubuhi na mapema akiwa na ile karatasi na picha zenyewe za OCT, si karatasi peke yake. Ikiwa huko mlikokwenda hakuna daktari wa retina, nendeni idara ya macho ya Muhimbili au CCBRT pale Msasani, na pale mapokezi mseme maneno haya: "ana damu chini ya retina, leo siku ya kumi." Ukisema "haoni vizuri" utapangiwa foleni pamoja na wa mtoto wa jicho, na foleni hiyo si ya kwenu.

Mjomba ana nusu ya ukweli. Damu ile kweli hukauka na kunyonywa na mwili, kwa miezi kadhaa. Tatizo ni kinachobaki chini yake. Katikati ya retina, sehemu ambayo madaktari huiita makula (isikuchanganye na chakula), ndiyo inayosoma, inayotambua sura na kutunga uzi kwenye sindano. Kitovu chake hakina mishipa ya damu yake mwenyewe. Hewa na chakula hupanda kutoka chini, kwenye tabaka la mishipa liitwalo koroidi, kupitia safu moja ya seli zenye rangi. Damu ikijipenyeza katikati ya retina na safu hiyo, seli zinazopokea mwanga hukatiwa njia. Halafu damu hiyo huganda, na nyuzi za donge zikisinyaa huzing'oa seli hizo. Chembe zake zikivunjika hutoa madini ya chuma, ambayo ni sumu kwa retina. Majaribio kwa wanyama, yaliyochapishwa mwaka 1982, yalionyesha kwamba uharibifu huanza ndani ya siku moja tu. Mwishowe panaota kovu. Doa jeusi huondoka, mjomba akafurahi, lakini mahali pake hubaki doa la kijivu lisiloondoka.

Ndiyo maana tunahesabu siku. Wengi hulenga kutibu ndani ya siku 7, na hukubali hadi siku 14. Baada ya hapo donge huwa gumu, rangi yake hugeuka kutoka nyekundu kuwa manjano, na hata likisogezwa, seli zilizokuwa juu yake huwa zimekwisha. Kwa mama yako siku ya 14 ni Ijumaa ijayo.

Sasa zile namba za kwenye karatasi. Uoni wa 6/12 maana yake kwa mita 6 anaona kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 12. Diski ni kichwa cha mshipa wa fahamu wa jicho, kipenyo chake ni kama milimita 1.5. Diski 5 basi ni kama milimita 7 na nusu, yaani damu imefunika makula yote na kuzidi kidogo. Unene wa mikroni 480, yaani karibu nusu milimita, ni karibu mara mbili ya unene wa retina yenyewe pale kwenye kitovu. Kwa vipimo vinavyotumiwa na madaktari wengi, damu isiyofika diski 4 ni ndogo. Kuanzia diski 4 bila kuvuka mishipa mikubwa inayoizunguka makula ni ya kati. Ikivuka mishipa hiyo ni kubwa sana. Ya mama ni ya kati, tukichukulia kwamba haijavuka. Ndogo na nyembamba hutibiwa kwa sindano za Avastin au ndugu zake peke yake. Ya kati ndiyo inayofaa zaidi kwa gesi. Ile kubwa sana huhitaji upasuaji wa kuondoa ute unaojaza jicho kwa ndani, kisha dawa ya kuyeyusha kupenyezwa chini ya retina yenyewe kwa mrija mwembamba kuliko unywele.

Lakini upana na unene havitoshi. Ulizeni maswali mawili ambayo karatasi yenu haikuyajibu.

La kwanza: damu ipo juu au chini ya ile safu ya seli zenye rangi? OCT huonyesha. Ikiwa juu, yaani moja kwa moja chini ya retina, gesi huweza kuisukuma. Ikiwa chini ya safu hiyo haisogei kwa urahisi, na kumlaza mama kifudifudi siku tano ni kumtesa bure. Mara nyingi zipo zote mbili, na hapo daktari hupima ipi ni nyingi.

La pili: nini kimevuja? Vile vidoadoa vya manjano kwenye jicho la kushoto vinaelekeza kwenye uchakavu wa makula unaoletwa na umri, ule wa majimaji, ambapo mishipa mipya dhaifu huota chini ya retina na kupasuka. Upo pia ugonjwa wa jamii yake, wenye vivimbe vya mishipa ya koroidi mfano wa shanga, ambao huonekana zaidi kwa Waasia na watu weusi kuliko kwa Wazungu. Huo hutoa damu nyingi kwa ghafla na hurudia. Na kwa mama wa miaka 67 mwenye presha lazima atafutwe mshipa wa ateri ya retina uliovimba kama puto. Huo ukipasuka huweza kuacha damu mbele ya retina, ndani yake na chini yake kwa wakati mmoja, na matarajio ya kuona huwa bora kuliko kwa uchakavu wa umri, mradi kitovu hakijaumia. Tiba ya kufuatia hutofautiana kwa kila mmoja. Anayechomwa bila kuulizwa "nini kilivuja" hujikuta mwaka ujao palepale.

Kuhusu matokeo ya tiba, ni vizuri mjue historia kidogo, maana bado yupo atakayewashauri "akafanyiwe operesheni ya kutoa damu". Marekani walifanya jaribio kubwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2004: wagonjwa 336 waliokuwa na damu ya aina hii kutokana na uchakavu wa makula, nusu wakapasuliwa na donge likatolewa, nusu wakaangaliwa tu. Baada ya miaka 2, waliobaki na uoni uleule au bora zaidi walikuwa 44 kati ya 100 kwa waliopasuliwa, na 41 kati ya 100 kwa walioangaliwa. Tofauti hiyo si kitu. Upasuaji ulipunguza idadi ya waliopoteza uoni vibaya sana, lakini retina ilibanduka kwa 16 kati ya 100, wakati kwa walioangaliwa ilikuwa 2. Kulitoa donge kwa koleo kukaachwa, na mkazo ukahamia kwenye kuliyeyusha na kulisogeza pembeni. Wakati ule pia dawa za familia ya Avastin hazikuwepo kwenye jicho. Zilipokuja, mambo yalibadilika kwa wengi, kwa sababu huzuia ile mishipa isiendelee kuvuja. Na hata macho yaliyoanza na damu nyingi yamefaidika nazo kuliko ilivyotarajiwa.

Je, upasuaji wa ute ukiwa na dawa ya kuyeyusha chini ya retina ni bora kuliko sindano ya dawa hiyo na gesi bila kupasua? Jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2023 lililinganisha njia hizo mbili kwa wagonjwa 90, wote wakipata pia dawa ya kuzuia mishipa, na halikuona tofauti ya maana katika uoni. Kwa damu ya kati kama ya mama, ukinitaka nichague, nachagua ile isiyo na upasuaji. Ni ya haraka, hufanyika kwa ganzi ya jicho tu, na kwa hapa Dar urahisi wa kuipata kesho unazidi ubora wa nyingine utakayoipata baada ya wiki tatu.

Inavyofanyika ni hivi. Jicho hutiwa ganzi, kisha iodini ya asilimia 5, kope hushikwa wazi kwa kifaa. Sindano nyembamba huingia kwenye sehemu nyeupe, milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa duara jeusi. Vinaingizwa vitu vitatu: bevasizumabu, yaani Avastin, miligramu 1.25 katika mililita 0.05; alteplesi, ambayo kwenye karatasi huandikwa tPA, mikrogramu 25 hadi 50 katika mililita 0.05 hadi 0.1, na gesi safi, mililita 0.3 hivi. Jumlisha: inakaribia nusu mililita inayoingia kwenye chumba chenye ute wa mililita 4 hivi ambacho tayari kimejaa. Ndiyo maana daktari hutoa majimaji kidogo upande wa mbele wa jicho, na akimaliza humwuliza mgonjwa "vidole vingapi?" au kama anaona mwanga wa taa. Jibu likiwa "sioni hata mwanga", presha ya jicho imeuziba mshipa mkuu wa retina na lazima ipunguzwe papo hapo. Mama aelezwe mapema kwamba swali hilo si la mazungumzo.

Alteplesi ndiyo itakayowahangaisha kuipata. Ni dawa ileile inayoyeyusha damu iliyoganda kwa wagonjwa wa kiharusi na shambulio la moyo, kwa hiyo ulizeni kwanza famasia za hospitali zinazotibu magonjwa hayo. Chupa moja ya miligramu 50 ina dozi elfu moja za jicho. Hapo pana mambo mawili. Kwanza gharama: mkilazimika kununua chupa nzima kwa jicho moja mtaumia, lakini hospitali inaweza kuigawa kwa usafi na kuigandisha kwenye friza ya baridi kali kwa wagonjwa wengine, basi ulizeni kama ipo iliyogawanywa. Pili hatari: aliyekosea kuchanganya kwa sifuri moja anaingiza mikrogramu 500 badala ya 50, na kiasi kinachozidi 50 kwa mbali kinaweza kuiunguza retina yenyewe. Hesabu ifanywe na mfamasia, ihakikiwe na mtu wa pili. Avastin nayo huwa ni chupa kubwa ya dawa ya saratani, miligramu 100 katika mililita 4, inayogawanywa kwenye mabomba madogo. Imejulikana tangu mwaka 2011, Marekani ilipoilinganisha na ranibizumabu, ndugu yake wa bei kubwa, kwamba kwa uoni hazipishani. Kinachoweza kuiharibu ni ugawaji mchafu. Si ufidhuli kuuliza bomba hilo limeandaliwa wapi na lini.

Alteplesi isipopatikana hadi Jumatano, msiendelee kuitafuta mtandaoni. Achomwe Avastin kama bado hajachomwa, na daktari aamue kama gesi peke yake ina faida.

Kulala kifudifudi ndiko kunakowashinda wengi, si sindano. Gesi ni nyepesi, hupanda juu. Uso ukiangalia chini, nyuma ya jicho ndiko juu, kwa hiyo povu la gesi huegemea makula na kuisukuma damu iliyoyeyuka itoke pembeni, kisha uzito wake huiteremsha chini ya kitovu. Uso ukiangalia dari, gesi hukaa mbele, ikagusa lenzi na kuharakisha mtoto wa jicho, na damu ikabaki palepale. Kawaida ni siku 3 hadi 5, dakika 50 za kila saa, zile 10 ni za kula na haja. Wapo madaktari wanaotaka mgonjwa aketi huku kichwa kimeinama mbele badala ya kulala. Mwambieni daktari akae mwenyewe awaonyeshe mkao anaoutaka, maneno hayatoshi.

Nyumbani andaeni kabla ya siku yenyewe. Mchana: kiti, meza, na kanga mbili zilizoviringishwa kama kata ya kubebea ndoo, paji la uso likae pale, pua ipate nafasi. Usiku: mto chini ya kifua, si chini ya uso. Maji kwa mrija. Simu iwekwe sakafuni kama anataka kumwona mjukuu kwa video. Feni imwelekee miguuni, kwa joto la Tandika atalowa jasho na matone ya dawa yatatoka. Kila saa akunje na kukunjua vifundo vya miguu na atembee chumbani kichwa kikiwa kimeinama, maana mzee aliyelala siku tano anaweza kugandisha damu mguuni. Swala haina tatizo kwa upande wa gesi, rukuu na sujudu zote uso uko chini. Jicho likiuma aswali ameketi. Ikiwa ana kibiongo, pumu au tumbo kubwa kiasi cha kushindwa kulala hivyo hata saa moja, mwambieni daktari kabla ya gesi. Gesi kwa asiyeweza kuinama ni hasara tupu.

Atakachokiona: siku za kwanza karibu hakuna, kama aliyefungua jicho ndani ya maji. Kisha utatokea mstari unaotikisika kama maji kwenye ndoo, na kila siku utashuka chini zaidi hadi kubaki kipovu, kisha kupotea. Gesi ya SF6 huchukua kama wiki 2, C3F8 kama wiki 6 hadi 8. Ulizeni ipi ametiwa na muiandike, ikiwezekana kwenye mkanda wa mkononi, kwa sababu akipata ajali au kung'olewa jino akapewa gesi ya usingizi aina ya naitrasi oksaidi, ile ya jichoni itavimba na kumpofusha kabisa.

Na hapa ndipo India na Mbeya zinapoingia. Gesi iliyofungiwa jichoni hupanuka hewa ya nje inapopungua. Ndege ni marufuku hadi daktari aone kwamba gesi imekwisha. Maana yake, mama akitiwa gesi Chennai au Hyderabad, harudi Dar kabla ya wiki 2, pengine wiki 8, na kaka alipie chumba muda wote huo. Ongeza viza, tiketi na miadi: mtafika siku ya 14 imeshapita. Fedha za kaka zina kazi nzuri zaidi hapa hapa, nitaitaja mbele. Mbeya nako ni juu, kama mita 1,700, na basi hupanda sana pale Kitonga. Kwa barabara jicho litakumbana na jambo lilelile kama ndegeni, polepole tu. Hata treni ya SGR hadi Dodoma inapanda zaidi ya mita 1,000. Akiwa na gesi, harusi aitazame kwa simu. Akipewa Avastin peke yake bila gesi, safari ni suala la nguvu zake na tarehe ya sindano. Unguja kwa boti haina shida.

Yanayoharibika baada ya tiba muyajue kwa dalili, si kwa majina. Maumivu makali na kichefuchefu usiku wa kwanza: gesi safi ya SF6 hujipanua hadi mara mbili kwa siku moja au mbili, C3F8 mara nne kwa siku tatu hivi, presha ya jicho inapanda, rudini usiku huohuo. Jicho jekundu, linalouma zaidi kila saa, uoni ukishuka kati ya siku ya 2 na ya 5: vijidudu vimeingia. Ni nadra, takriban mara moja katika sindano 2,000 hadi 3,000, lakini likilazwa hadi asubuhi linaweza kupotea. Kivuli kama pazia kinachosogea kutoka pembeni, au vimulimuli: retina inabanduka. Giza la ghafla lisilo na maumivu wiki ya kwanza: mara nyingi ile damu imepenya ikaingia kwenye ute. Hili huwaogopesha watu kuliko linavyostahili. Hupimwa kwa utrasaundi, na aghalabu husafika lenyewe au huoshwa kwa upasuaji.

Aspirini asiiache wala kuirudisha kwa ushauri wa jirani. Sindano ya jicho hufanyika bila kuisimamisha. Kama alipewa kwa sababu aliwahi kupata kiharusi au ana moyo, kuiacha ni hatari kuliko hilo doa. Kama alipewa "kwa ajili ya umri" tu, daktari wake wa presha anaweza kuona haina haja. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, apimwe INR (kipimo cha kuganda kwa damu) wiki hiyohiyo. Amlodipini aendelee, na presha ipimwe kabla ya sindano. Yale matone ya duka la dawa hayafiki kwenye retina hata mkimaliza chupa kumi. Na kama yana steroidi yanaweza kupandisha presha ya jicho. Yatupeni.

Sasa, ataona tena? Tofautisheni vitu viwili ambavyo hata baadhi ya wahudumu huvichanganya: damu kusogea, na uoni kurudi. Ya kwanza hutokea kwa wagonjwa wengi wanaotibiwa ndani ya wiki mbili. Ya pili hutegemea seli zilizobaki hai juu ya lile donge. Kwa mwenye uchakavu wa umri, asipotibiwa kabisa, mara nyingi jicho huishia chini ya 6/60. Akitibiwa siku ya 10 au 11 na damu ikaondoka kwenye kitovu, matumaini ya kweli ni kutoka kuhesabu vidole hadi kutambua sura na kusoma herufi kubwa. Wapo wanaozidi hapo, wapo wanaobaki walipo. Kusoma msahafu wa herufi ndogo kwa jicho hilo msimwahidi. Na mumwondolee hofu ya giza totoro: ugonjwa huu hula katikati, pembeni hubaki, na atatembea Tandika nzima bila kushikwa mkono.

Hukumu ya kwanza itolewe baada ya miezi 3, si baada ya wiki 2 gesi ikiwa bado ndani. Na kinachoamua mwaka wa pili ni sindano zinazofuata: moja kila mwezi kwa miezi 3, kisha vipindi hurefushwa kidogo kidogo kwa kufuata OCT. Wengi huacha baada ya ile ya kwanza, ama kwa sababu "ameshapata nafuu" ama kwa sababu "haikusaidia". Mishipa ile haijafa, imesinzia tu, na ikiamka humwaga damu upya. Fedha za kaka ziwekwe hapa: sindano na OCT za mwaka mzima, pamoja na nauli. Ulizeni bima yenu mapema inalipa zipi, kabla ya tarehe na si dirishani.

Jicho la kushoto ndilo la kulinda sasa, maana nalo lina vidoadoa vilevile. Nunueni daftari la hesabu lenye miraba, chora nukta nzito katikati ya ukurasa, libandikeni jikoni mahali penye mwanga. Kila asubuhi mama avae miwani yake ya kusomea, afunike la kulia, aangalie nukta kwa umbali wa sentimita 30 hivi. Mistari ikipinda kama bati lililokunjwa, au mraba ukipotea, aende kliniki siku hiyo au kesho yake, akitaja tarehe doa lilipoanza. Kama anavuta sigara au ugoro, aache. Mchicha na matembele ale, ni chakula kizuri. Vidonge vya vitamini vya macho vinaweza kupunguza kasi ya uchakavu kwa jicho la aina hii lakini havigusi damu iliyokwishamwagika, kwa hiyo visinunuliwe kwa fedha ya sindano.

Jumatatu chukueni: picha za OCT, orodha ya dawa zote, kadi ya presha, kadi ya bima, na mtu wa kumrudisha nyumbani kwa sababu mboni itapanuliwa. Asubuhi ale na ameze amlodipini yake kama kawaida, labda daktari awe amesema atapasuliwa kwa usingizi.